Nionyesheni Mizani Kwanza

Kila baada ya miezi michache nchi hii hugundua upya kwamba ni tajiri. Waziri husimama mbele ya maikrofoni, akataja koltani, akataja niobiamu, akataja dhahabu, kisha akataja tarakimu ndefu ambayo hakuna aliye ukumbini anayeweza kuhesabu sufuri zake. Januari 2024 ilikuwa zamu ya koltani. Tukaambiwa imepatikana katika kaunti kadhaa, na kabla jua halijatua simu zetu zilikuwa zimejaa video za vijana wakiapa kwamba Kenya sasa ni Kongo ya pili. Kongo ya pili, jameni! Mtu anasema hivyo akitabasamu, kana kwamba Goma ni jina la hoteli.

Tena kuna lengo rasmi. Sekta ya madini, ambayo kwa miaka imezungukazunguka kwenye asilimia moja hivi ya pato la taifa, inatakiwa ifike asilimia 10 kufikia mwaka 2030. Ukiuliza swali dogo tu kuhusu lengo hilo unaambiwa wewe ni adui wa maendeleo, au kuna shirika limekulipa. Haya. Mimi sijalipwa na mtu. Natoka Sosiot, Kaunti ya Kericho, mahali ambapo hakuna koltani wala dhahabu, na ndiyo maana naona ninaweza kulisema hili bila tamaa kunipofusha. Huku kwetu tuna chai. Kwa karibu miaka mia moja ardhi hii imekuwa ikitoa kitu kinachopakiwa kwenye magunia, kinapelekwa Mombasa, kinapanda meli. Kwa hivyo kuna jambo moja tunalolijua vizuri, na hatukulisoma kwenye jiolojia. Tunaijua mizani.

Kwa yule ambaye hajawahi kusimama kwenye kituo cha majani, hebu nieleze. Umechuna tangu umande haujakauka, majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni. Mchana unayabeba mpaka kituoni: banda la mabati, meza ndefu za kupangua majani, foleni, na lori ambalo siku za mvua huenda lisifike hadi usiku. Karani anatundika gunia lako. Zamani ilikuwa mizani ya mshale, siku hizi ni ya kidijitali yenye kamashine ka kuchapisha karatasi. Kila aliye kwenye foleni anarefusha shingo, na si kwa sababu ya udaku. Anajua kilo za jirani zikiibwa leo, kesho ni zake. Karani anatoa uzito wa gunia, na mara nyingine anatoa zaidi ya gunia, na hapo ndipo kelele huanza. Ikiisha kelele, unapewa karatasi: namba yako, tarehe, kilo.

Kogo wangu hakuingia darasani hata siku moja. Karatasi zake alizihifadhi kwenye mkebe wa Kimbo, chini ya kitanda, zimefungwa kwa uzi kila mwezi peke yake. Kusoma hakujua, lakini alijua kwamba 17 na 11 hazifanani, na kuna karani mmoja aliyejifunza hilo mbele ya kituo kizima. Kilo sita zikarudi kwenye karatasi siku hiyohiyo.

Sisifu biashara ya chai, mtu asinisikie vibaya. Bonasi ya wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa ikiachwa mbali na ile ya wenzetu wa upande wa Mlima Kenya, na kila mwaka tunapewa maelezo mapya: mara ubora wa majani, mara gharama ya kiwanda, mara soko la Pakistan. Mnada wa Mombasa wengi wetu hatujawahi kuutia machoni. Lakini tunapopiga kelele, na tunazipiga, tunazipiga tukiwa na karatasi mkononi. Nilileta kilo kadhaa, nililipwa shilingi kadhaa kila mwezi, mbolea ilikatwa hivi, iliyobaki iko wapi? Mkurugenzi wa kiwanda anayetetemeka wakati wa uchaguzi hatetemeshwi na hasira zetu, maana hasira tunazo siku zote. Anatetemeshwa na ule mkebe wa Kimbo.

Sasa twende Kwale.

Kwa takriban miaka kumi na moja, mgodi mkubwa kuliko yote nchini ulikuwa kwenye vilima vya mchanga vya Maumba na Nguluku. Base Titanium ilipakia shehena ya kwanza Likoni mapema 2014 na kusimamisha uchimbaji Desemba 2024. Ilichota ilmenaiti, rutaili na zirkoni: vitu vinavyoingia kwenye rangi za nyumba, plastiki na vigae. Kampuni hii moja ilibeba zaidi ya nusu ya thamani ya madini yote yaliyochimbwa Kenya. Familia zilihamishwa, minazi na mikorosho ikahesabiwa na kulipwa fidia, makaburi yakafukuliwa na mifupa kuhamishwa. Wengi walipata ajira pia, na shule na zahanati zilijengwa, na sitajifanya sikuona. Kampuni yenyewe ilisifiwa kwa kurudisha udongo na kupanda miti.

Shida yangu iko kwingine. Kampuni mama, Base Resources, ilikuwa na makao yake Perth, Australia, na hisa zake zilikuwa zikiuzwa kwenye soko la hisa la huko. Kwa sababu hiyo kila robo mwaka ilitoa taarifa: tani ngapi za ilmenaiti zimezalishwa, tani ngapi za rutaili, ngapi za zirkoni, zimeuzwa ngapi, bei inaelekea wapi, gharama ya kila tani ni kiasi gani. Mstaafu wa Perth mwenye hisa mia tano aliweza kuisoma taarifa hiyo akiwa sebuleni kwake, na chai yake mkononi, labda chai yetu. Na yule aliyehamishwa Nguluku? Je, kuna siku ambayo tani hizo zilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, kwa Kiswahili au Kidigo, zikiwa na shilingi kandokando? Mizani ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Uso wake tu ndio uliogeuzwa ng'ambo.

Halafu kuna sheria. Mwaka 2016 Bunge letu lilifuta sheria ya madini ya 1940, ya mkoloni, na kupitisha mpya. Kifungu cha 183 kinaugawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Sheria hiyo inaeleza hata jamii ni nani: ni watu wanaoishi kuzunguka eneo la uchimbaji, pamoja na wanaoweza kuhamishwa kwa ajili yake. Kwangu hiki ni kifungu kizuri. Nimekisoma mara nyingi. Siku mtu wa Kwale alipokisikia, nadhani aliona kama amepewa mkebe wake.

Miaka ikapita. Kampuni ililipa mrabaha wake Nairobi. Kutoka Nairobi kushuka chini, tuliambiwa utaratibu bado, mfumo bado, kamati bado. Kaunti ikadai, wabunge wakadai, maseneta wakauliza maswali, mawaziri wakabadilishana ofisi, kila mmoja akaahidi. Mgodi ulifungwa huku madai yakiwa bado mezani. Yaani mgodi mzima umezaliwa, umekua, umezeeka na kuzikwa, na ile asilimia 10 bado inatafutiwa utaratibu. Oktoba 2024, miezi miwili kabla ya mitambo kuzimwa, Base Resources yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya Marekani, Energy Fuels, iliyokuwa inatamani zaidi mradi wake wa Toliara kule Madagaska. Utaratibu wa kuuza kampuni nzima, kutoka bara moja hadi jingine, ulipatikana ndani ya miezi michache tu.

Ndiyo maana husema: nchi hii haina upungufu wa madini wala wa sheria. Kinachokosekana ni karatasi ya kituo cha majani.

Wapo watakaosema ninataka makuu, kwamba mambo ya migodi ni magumu kuliko kupima kikapu cha majani. Kwani historia ya nchi hii inasema nini? Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kulinda ardhi za wenyeji. Iliahidi kwamba maeneo ya Waafrika yatabaki yao milele, na kipande kikichukuliwa kwa manufaa ya umma, kitafidiwa kwa kipande kingine kama hicho, na baraza la wenyeji litaambiwa kwanza. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega. Wazungu wakamiminika na mahema yao. Kufikia Desemba 1932 sheria ilikuwa imeshafanyiwa marekebisho: ardhi kwa ardhi si lazima tena, pesa zinatosha, na baraza si lazima liulizwe. “Milele” ilidumu miaka miwili hivi. Mgodi wa Rosterman uliendelea hadi 1952, na leo kampuni zimerudi kuipima dhahabu ileile ya Isulu na Bushiangala, ambako watu wanaambiwa tena kwamba watafidiwa vizuri. Wakiuliza maswali mengi, wanaitwa wakaidi. Mimi nawaita watu wenye kumbukumbu.

Na kwetu? Mwaka 1919 ekari 25,000 za Wakipsigis zilikatwa Kericho kwa ajili ya koloni la maafisa wa Kiingereza waliolemaa vitani. Walikuja kulima kitani. Bei ya kitani ikaporomoka, koloni likafa baada ya miaka michache tu. Mtu wa kawaida angedhani basi ardhi ingerudi kwa wenyewe, kwa kuwa sababu ya kuichukua imekufa. Haikurudi. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai zikaingia, Brooke Bond na James Finlay, na hadi leo ukisimama mahali pa juu huku kwetu unaona mabonde ya kijani yaliyonyolewa kama zulia, yamebadilisha wenyewe mara kadhaa bila sisi kuwemo kwenye daftari la mauzo. Kwa hiyo mtu akiniambia “kwanza tuwape mwekezaji leseni, mengine tutayapanga baadaye,” nakumbuka kitani. Hiyo “baadaye” tunaijua. Imeshafikisha miaka mia.

Sasa mtu atasema: hayo ya wakoloni ni ya kale, tuliyamaliza 1963. Basi tupande hadi Kimwarer, chini ya ukingo wa Keiyo, kwenye Bonde la Kerio. Wale ni ndugu zetu, tunasikilizana lugha, tumeoana. Nina shemeji wa upande ule, na akianza habari za floraspa chakula hupoa. Uchimbaji ulianza mapema miaka ya 1970, serikali ikiwa yetu, bendera yetu, rais wetu. Floraspa inatumika kuyeyushia chuma na kutengenezea kemikali, na ya Kimwarer ilisafirishwa nje kwa zaidi ya miongo minne. Watu walitolewa kwenye ardhi yao. Bei ambayo wamekuwa wakiitaja miaka yote ni shilingi 450 kwa ekari, na wengi wanasema hata hiyo hawakuipokea. Mwaka 2016 kazi ikasimama. Mji mdogo uliokuwa na hospitali, shule na umeme ukabaki na mashimo, vumbi jeupe, na vijana wanaokaa nje ya maduka yaliyofungwa. Kisha zikaja habari za mwekezaji mpya. Wazee wakauliza: huyu mpya anakuja kabla yule wa zamani hajamaliza kutulipa?

Hilo swali la wazee wa Kimwarer lina uzito kuliko hotuba zote nilizozisikia kuhusu lengo la 2030.

Upande wa wachimbaji wadogo hali ni mbaya kwa namna nyingine. Nenda Macalder, Migori. Mama anaponda mawe, anayasaga, anayaosha, anachanganya na zebaki kwa mikono mitupu, anachoma, moshi unamwingia. Jioni anapata punje ya dhahabu ndogo kuliko mbegu ya mtama. Mnunuzi anakuja na mizani yake ya mfukoni. Mizani yake mwenyewe! Anapima mwenyewe, anasoma mwenyewe, anataja bei mwenyewe, na dhahabu inavuka mpaka bila karatasi yoyote. Huko Hillo, Marsabit, serikali ilitangaza kufunga machimbo mwaka 2024 baada ya mauaji. Watu wakaendelea kuingia gizani, na mwezi Mei shimo likawafukia watu watano. Kufunga ni rahisi, askari anatosha. Kuweka ofisi yenye mizani iliyokaguliwa, mnunuzi mwenye leseni na karani wa kutoa risiti, hiyo ndiyo kazi, na kwa kazi hiyo hatuoni haraka.

Na inawezekana, majirani wametuonyesha. Machi 2017 Tanzania ilizuia makontena 277 ya makinikia bandarini Dar es Salaam, ikaunda kamati za wataalamu kuangalia kuna nini hasa ndani. Ugomvi wote ule uliotikisa dunia ya dhahabu ulikuwa ugomvi wa mizani: kampuni inasema kuna kiasi hiki, serikali inasema hapana, ni kingi zaidi. Deni lililotajwa, dola bilioni 190, lilikuwa la ajabu, hata mimi lilinichekesha. Na wafanyakazi waliopoteza kazi hawakucheka. Lakini mwisho wake, Januari 2020, Barrick ilitia saini: kampuni ya ubia ya Twiga, serikali ikiwa na asilimia 16, na malipo ya dola milioni 300. Sisemi Magufuli alikuwa malaika, yapo mengi ya kusemwa juu yake. Nasema alishika gunia akauliza, hili lina kilo ngapi?

Jambo dogo zaidi ndilo ninalolipenda zaidi. Kuanzia 2019, kwa kuanzia na Geita, Tanzania ilifungua masoko ya madini ambako mchimbaji mdogo anakuja na dhahabu yake, inapimwa mbele yake, bei ya siku inajulikana, kodi inakatwa palepale, anaondoka na karatasi. Juni 2020 mchimbaji wa Mererani, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa shilingi bilioni 7.74 za Tanzania, na nchi nzima ikamwona kwenye televisheni akipewa hundi. Mnaweza kusema ilikuwa sinema. Sawa, lakini ni sinema gani ya namna hiyo tumewahi kuonyeshwa sisi? Voi tulijenga kituo cha kukata na kuongezea thamani vito vya Taita Taveta, kikakaa miaka mingi milango imefungwa huku mawe yakiendelea kuondoka mifukoni mwa watu. Jengo tulikuwa nalo. Mizani ikakosa mtu wa kuiwasha.

Huwa naambiwa: ukitaka mambo yote yawe wazi, wawekezaji watakimbia. Nimeshajibu, nimewaonyesha Perth. Mwekezaji huyuhuyu anayesemekana atakimbia anatoa hesabu zake zote kwa soko la hisa la kwao kila miezi mitatu, na hajafa. Tanzania, Uganda na Kongo zimejiunga na mpango wa kimataifa wa uwazi katika uchimbaji, ule wa EITI, Uganda ikiwa imekubaliwa mwaka 2020. Sisi tumekuwa tukiuzungumzia tu kwenye makongamano. Kongo, ile tunayotishana nayo, imetutangulia kwa hilo.

Lingine ninaloambiwa ni kwamba hata jamii ikipewa asilimia 10, wazee watatu na mwakilishi wa wadi wataila. Inawezekana kabisa. Pesa za chai pia huliwa, mimi ndiye wa kuambiwa hilo? Tofauti ni kwamba mla pesa za kiwanda chetu tunamjua kwa jina la ukoo. Tunakutana naye kanisani, tunakutana naye kwenye harusi, anatuomba kura. Kuna waliopoteza viti vyao kwa sababu ya hesabu za mkebe. Mwizi wa karibu unaweza kumzomea. Yule wa mbali unamsoma gazetini, tena ameitwa mshikadau.

Na kwa wale wanaodhani karatasi ni jambo la makarani tu, niwakumbushe Mrima. Mwaka 2013 serikali, Najib Balala akiwa waziri, ilifuta leseni ya Cortec katika kilima cha Mrima, Kwale, chenye niobiamu na madini adimu. Kilima ambacho pia ni kaya, msitu mtakatifu wa Wadigo. Cortec na wenzake wakatupeleka mbele ya mahakama ya usuluhishi ya ICSID, wakidai zaidi ya dola bilioni mbili. Fikiria, bilioni mbili, na kila mmoja wetu akiwa na sehemu yake ya kulipa. Oktoba 2018 jopo likawatupa nje. Kwa nini? Leseni ilitolewa bila tathmini ya mazingira iliyotakiwa na sheria zetu wenyewe, katika eneo la msitu uliohifadhiwa, kwa hiyo haikuwa leseni. Karatasi moja iliyokosekana upande wao ndiyo iliyotuokoa. Leo Mrima inatajwa tena, safari hii ikiwa kwenye orodha ya madini ya kimkakati, na mabalozi wanapishana njiani kwenda kuitazama. Wazee wa kaya wamekuwa wakiwazuia baadhi yao kuingia. Magazeti yanaandika kama kioja. Kioja gani? Hao ndio makarani pekee tulio nao pale.

Basi ninachotaka ni hiki, na si kikubwa. Kabla ya leseni mpya yoyote kubwa, Mrima, Ikolomani, Kimwarer, popote, wanaodai walipwe: ile asilimia 10 ya Kwale, yote, tangu 2016, pamoja na wale waliokwishahama. Mikataba ichapishwe, kwa lugha ambayo mtu wa pale anaisoma. Katiba, kifungu cha 62, inasema madini ni ardhi ya umma, na serikali ya kitaifa inayashika kwa niaba yetu. Mtu anayekushikia kitu chako hakufichi orodha yake. Na kila mwezi, kwenye ofisi ya chifu wa eneo la mgodi, ibandikwe karatasi moja: tani zilizotoka, bei iliyouziwa, mrabaha uliolipwa, sehemu ya jamii, namba ya akaunti ilikoingia. Kuichapisha hakuzidi shilingi kumi.

Nikisema hivi huku nyumbani huniambia, wewe, sisi hatuna madini, yanakuhusu nini? Hapa ndipo huwa nashangaa. Tembea kutoka Sosiot upande wowote, hutachukua muda kabla hujaona timbo. Chini ya chai yetu kuna mwamba mgumu wa kijivu, na watu wanauchonga kuwa mawe ya kujengea. Kina mama wanakaa kando ya barabara wakiponda kokoto kwa nyundo, debe kwa debe, na watoto wakitoka shule wanawasaidia. Malori ya changarawe hupita mpaka usiku barabara inapojengwa. Mawe ya ujenzi yamo kwenye jedwali la madini la sheria ileile ya 2016. Tuna mgodi, ila hatujauita jina hilo.

Karibu na shamba letu mwanakandarasi mmoja alichukua changarawe miaka kadhaa iliyopita. Aliongea na mwenye shamba, wakaelewana kwa mdomo, bei kwa lori. Nani alihesabu malori? Dereva. Barabara ikaisha, mitambo ikaondoka, shimo likabaki, lina kina cha mtu mzima na nusu. Mvua za Aprili hulijaza. Ng'ombe wawili wameshatumbukia humo, na sisi tunaoishi karibu tunajua watoto hupenda kuogelea pale wakati wa likizo. Mwenye shamba ameshazeeka, anasema alilipwa malori arobaini. Mke wake anasema yalikuwa zaidi ya mia, alikuwa anayahesabu kwa kuweka punje za mahindi kwenye kibuyu.

Nilikwenda kwa naibu wa chifu kuuliza ni ofisi gani inayoweka rekodi ya changarawe iliyotoka, na nani anatakiwa kulifukia lile shimo. Aliniambia niandike barua. Nimeandika, nikaambatisha idadi ya mama: malori 113. Likizo ya Agosti inaanza baada ya wiki tatu, na mpaka sasa tumezungusha miiba tu.